Wasomaji Wanauliza: Mkaguzi wa Kinu cha Nyuklia Hutazama Nini?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Kilifi. Tangu Uyombo ilipotajwa kuwa mahali panapofaa kujengwa kinu cha nyuklia, tumehudhuria mikutano mingi, na kila tukieleza hofu yetu tunajibiwa kwamba wakaguzi watakuwepo. Hata baada ya macho ya serikali kugeukia Siaya, swali langu limebaki palepale. Mkaguzi huyo hufanya nini hasa? Na je, imewahi kutokea ukaguzi ukawepo na hatari ikakua mbele yake bila kuonekana?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Imewahi kutokea, na kisa chenyewe kinafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa kinajibu sehemu zote mbili za swali lako.

Nchini Marekani, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, ambayo wengi huiita kwa herufi zake NRC, huweka wakaguzi wasiopungua wawili katika kila kituo kinachozalisha umeme. Hao si wageni wa kuja na kuondoka. Wana ofisi ndani ya kituo, huishi katika miji ya jirani, na hawaruhusiwi kukaa kituo kimoja zaidi ya miaka 7, wasije wakazoeana mno na wale wanaowakagua. Asubuhi mkaguzi huingia katika chumba cha udhibiti, akasoma daftari la zamu ya usiku, akauliza kwa nini pampu fulani imezimwa, kisha akazunguka mitamboni kutazama mabomba, vali, milango ya kuzuia moto na mafundi wakiwa kazini. Kazi yake kubwa ni kusoma taarifa za hitilafu ndogondogo ambazo wafanyakazi wenyewe huandika, na kujiuliza kama hitilafu mbili zilizoandikwa mbalimbali zina chanzo kimoja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie. Kinu hicho, kilichoanza kazi ya kibiashara mwaka 1978, hupozwa kwa maji yaliyobanwa kwa kani inayokaribia mara 150 ya kani ya hewa tunayoivuta, na ndani ya maji hayo huyeyushwa asidi ya boriki ili kusaidia kutawala mpasuko wa atomi. Juu ya chombo cha kinu pana kifuniko cha chuma chenye unene wa takriban sentimita 17, kilichopenywa na mirija 69, mingi yake ikiwa njia ya fito za kudhibiti, yaani zile zinazopunguza au kuzima mpasuko huo. Mrija ukipata ufa, maji hupenya kidogokidogo, yakakauka kwa joto na kuacha ukoko mweupe kama chumvi. Ukoko mkavu hauna madhara makubwa, lakini ukiwa na unyevu asidi ile huanza kula chuma cha kifuniko, na rangi hubadilika kuwa nyekundu kwa sababu ya kutu.

Dalili zilikuwepo, tena kwa miaka. Vyuma vya kupoza hewa ndani ya jengo la kinu vilikuwa vikifunikwa na vumbi la asidi hiyo ya boriki na kuoshwa mara kwa mara. Machujio ya kipimo cha mionzi, ambayo kwa kawaida hukaa muda mrefu kabla ya kubadilishwa, yalianza kuziba upesi mno, na ndani yake mlikutwa chembechembe za kutu. Kinu kiliposimamishwa mwaka 2000 ili kujazwa fueli, ilipigwa picha inayoonyesha mkondo mwekundu uliotiririka kutoka kwenye matundu ya kukagulia ukaganda juu ya kifuniko. Kila dalili ilishughulikiwa peke yake: vyuma vikaoshwa, machujio yakabadilishwa, ukoko ukasafishwa nusu. Wakaguzi wa NRC waliokuwepo kituoni nao hawakuziunganisha. Kwangu mimi picha ile ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa mtu yeyote aliyewahi kuona bati la nyumba ya pwani likiliwa na chumvi angeuliza kutu hiyo nyingi imetoka wapi.

Mapema mwaka 2001 nyufa za hatari ziligunduliwa katika mirija kama hiyo ya kituo cha Oconee, South Carolina. Mwezi wa Agosti NRC ikavitaka vituo vya aina hiyo vieleze hali ya mirija yao, na vile vilivyokuwa katika hatari kubwa vifanye ukaguzi kabla ya tarehe 31 Desemba. Kampuni iliyoendesha Davis-Besse, FirstEnergy, iliomba isubiri hadi mwisho wa Machi 2002, wakati ambapo kinu kingesimamishwa kwa kawaida yake. Wataalamu wa NRC walikuwa wamekwisha kuandika rasimu ya amri ya kukizima. Amri hiyo haikutolewa. Pande mbili zilikubaliana katikati, na kinu kikaendelea hadi tarehe 16 Februari 2002.

Mwanzoni mwa Machi mafundi walikuwa wakitengeneza mrija nambari 3. Mashine ya kukereza ilipotolewa, mrija uliinama upande kama kigingi kilichochimbwa chini, jambo lisilowezekana ikiwa umeshikwa na chuma kizima cha sentimita 17. Walipoondoa ukoko na kutazama pembeni mwa mrija, wakakuta shimo linaloweza kuingia embe kubwa. Chuma chote cha mahali hapo kilikuwa kimeliwa. Kilichobaki kuzuia maji ya kinu ni utando wa ndani wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene usiofika sentimita 1, ambao haukuundwa kubeba kani hiyo na ulikuwa umeanza kuvimba. Ungepasuka, maji ya kupoza yangefumuka ndani ya jengo, na usalama ungetegemea mitambo ya dharura kufanya kazi bila kosa.

Mkaguzi mkuu wa ndani wa NRC, ambaye kazi yake ni kuichunguza tume yenyewe, alieleza katika ripoti ya Desemba 2002 kwamba uamuzi wa kukiacha kinu kiendelee ulichangiwa kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara ya fedha. Baadaye waajiriwa wawili wa kampuni walitiwa hatiani mahakamani kwa kuipotosha tume kuhusu hali ya kifuniko. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kulikuwa na makosa ya aina tatu: wakaguzi hawakuunganisha dalili, kampuni haikusema kweli, na wenye mamlaka waliokuwa na kalamu mkononi walisita kuitumia. Kosa la tatu ndilo ninalotaka wakazi wa Kilifi na Siaya walishike. Kenya ina Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Katika mkutano ujao, mtakapoambiwa kwamba wakaguzi watakuwepo, ulizeni ni nani atakayetia saini amri ya kuzima kinu, kama anaweza kufukuzwa kazi kwa kuitia, na kama taarifa za ukaguzi zitawekwa wazi ili mwananchi azisome.

SWALI: Je, wakaguzi hutangaza siku ya kuja? Shuleni kwetu mkaguzi akitarajiwa, hata madirisha hupakwa rangi.
Mwalimu wa fizikia, Bondo

JIBU: Ukaguzi mkubwa unaohitaji wataalamu kutoka nje hupangwa mapema, kwa sababu sehemu nyingine za kinu hufikika tu wakati kimezimwa. Lakini kwa wakaguzi wanaokaa kituoni, kanuni za Marekani ni kali. Kampuni lazima iwape ofisi bila kodi, iwaruhusu kuingia kila mahali sawa na wafanyakazi wake wa kawaida, na ihakikishe kwamba hakuna anayewatangazia wenzake kuwa mkaguzi amefika, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba hivyo. Mkaguzi anaweza kuingia chumba cha udhibiti saa nane za usiku. Gharama za udhibiti hulipwa kwa sehemu kubwa na kampuni zenyewe, ila fedha huenda hazina ya taifa, na mkaguzi hupokea mshahara wa serikali. Haruhusiwi kumiliki hisa katika kampuni za vituo hivyo.

SWALI: Nimesoma habari za Davis-Besse. Kituo hicho bado kipo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kipo. Kilikaa kimezimwa kwa takriban miaka miwili, kikaruhusiwa kuwashwa Machi 2004 kikiwa na kifuniko kilichochukuliwa kutoka kituo cha Midland, Michigan, ambacho ujenzi wake uliachwa njiani. Mwaka 2005 NRC iliitoza kampuni faini ya dola milioni 5.45, na mwaka uliofuata kampuni ikakubaliana na Wizara ya Sheria kulipa dola milioni 28. Mwaka 2010, kinu kilipozimwa kwa kujazwa fueli, mirija ya kifuniko hicho cha pili ilipimwa kwa mawimbi ya sauti na kadhaa ikakutwa na nyufa. Safari hiyo shimo halikuwa limechimbika. Mirija ilitengenezwa kabla ya kinu kuwashwa, na mwaka 2011 kifuniko kizima kikabadilishwa.