Wifi kaniomba ratiba ya London, sasa leo naongea

Juzi usiku natoka shifti, miguu imevimba, nafungua simu nakuta meseji ya wifi yangu. "Wifi mambo, Agosti tunakuja tena, tupangie basi zile sehemu zako." Zile sehemu zako! Nilicheka peke yangu pale kituo cha basi hadi mzungu mmoja akasogea pembeni. Maana wifi huyu huyu miaka mitatu iliyopita aliandika kwenye grupu la familia, watu thelathini na kitu wanasoma, kwamba "mtu kakaa Uingereza miaka minane hajui hata choo kiko wapi". Mama yangu yumo kwenye lile grupu. Mama mkwe yumo.

Ngoja niwape stori, maana najua wengi wenu mna ndoto hiyo hiyo, kuja London kipindi cha joto, mle maisha, mpige picha za kutosha.

Alikuja na mashosti wawili wa Dar, siku tano. Mi nikataka niwaoneshe na mimi nipo. Nikanunua tiketi nne za shoo kubwa ya uwanjani kwa jamaa wa mtandaoni, pauni 95 moja, piga hesabu mwenyewe hizo ni shifti ngapi za kuwageuza wazee kitandani. Tukafika getini tumependeza, mashine ikawaka nyekundu. Tukajaribu tena, nyekundu. Kijana wa getini akatuambia kwa upole kabisa hizi feki dada. Wifi hakusema neno, alinitazama tu, na bora angenitukana.

Basi nikasema ntawapoza na Notting Hill Carnival, sherehe kubwa ya barabarani. Ile ni Jumapili na Jumatatu ya mwisho wa Agosti, Jumatatu yenyewe ni sikukuu, kazi nyingi zimefungwa. Watu bana! Wenye nyumba wanapigilia mbao madirishani kama wanasubiri kimbunga. Mimi nikaangalia ramani nikaona stesheni ya Ladbroke Grove ndo ipo katikati, kumbe siku zile mbili inafungwa, tukashuka Paddington tukatembea, na mashosti wana viatu virefu. Nilikuwa nimewaambia wavae raba? Nilikuwa sijawaambia. Halafu tumekunywa bia za njiani, vyoo foleni hadi barabara ya pili, mwisho tukamlipa mama mmoja mwenye nyumba pauni kadhaa atufungulie chake. Ndo hapo ile sentensi ya choo ilipozaliwa.

Ila kilichoniuma zaidi ni kingine. Saa tisa kamili alasiri muziki wote ukazimwa, yale maspika makubwa kama kabati, kimya, mtaa mzima umesimama. Shosti mmoja anaendelea kuongea na simu kwa sauti, anacheka, watu wanatugeukia. Sikujua cha kumwambia maana hata mimi sikujua kinachoendelea. Kumbe ni sekunde 72 za kuwakumbuka watu 72 waliokufa kwenye moto wa jengo la Grenfell, Juni 2017, na jengo lenyewe lilikuwa pale pale jirani. Nilikuja kuelezwa na babu mmoja Mjamaika niliyekuwa namhudumia. Yeye ndo akanifundisha na mengine, kwamba mwaka 1958 mitaa ile weusi walipigwa na vijana wa kizungu, na mwaka uliofuata Claudia Jones, mama wa Trinidad, akaandaa sherehe ya kwanza ya kikaribi ndani ya ukumbi ili watu wao wainue vichwa, na mtaani ikaanza 1966. Mi nilikuwa nadhani ni disko la barabarani tu. Nilijisikia vibaya jamani.

Kiangazi kilichofuata nikaanza kwenda mwenyewe. Bila wageni wala kumpigia mtu picha. Nikaenda Shakespeare's Globe, ukumbi wa tamthilia pale kando ya mto, tiketi ya kusimama nililipa pauni 5. Nakwambia tano! Uwanja hauna paa katikati, paa la matete la pembeni ni kama la makuti la kwetu Tanga, wanasema tangu moto mkubwa wa 1666 London haikuwa na jingine. Mvua ikanyesha, mwavuli hauruhusiwi, kukaa chini hauruhusiwi, unavaa koti la mvua unasimama. Nikaegemea jukwaa kwa viwiko, mwigizaji akapita ananikanyaga sketi, Kiingereza chao nikashika nusu na nikacheka mpaka mwisho. Na mwaka 2012 pale pale walicheza tamthilia 37 kwa lugha 37, Kiswahili kilikuwemo, kikundi kutoka Kenya. Nilipolijua hilo nilijuta maana wakati huo nilikuwa bado Tanga nauza vitenge.

Halafu nikapanda cheo, nikaenda Proms, matamasha ya muziki wa klasiki ukumbi wa Royal Albert Hall, kuanzia Julai katikati mpaka Septemba karibu kila siku. Tiketi za kusimama zinauzwa siku yenyewe asubuhi, chini ya pauni 10, halafu unasimama mbele ya okestra karibu kuliko aliyelipa mara kumi yako. Siwadanganyi, kipande cha kwanza nilisinzia wima. Cha pili machozi yalitoka na sijui kwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu. Vaa raba. Tiketi nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, usinunue kwa jamaa. Kula kwanza nyumbani. Kwenda choo kwanza nyumbani. Panda basi, ndani ya saa moja ukibadilisha basi hulipi tena. Ijumaa makumbusho ya sanaa ya V&A inafungwa saa nne usiku na kuingia ni bure. Raba nimeshasema, narudia.

Na ndugu zangu, tuache kuishi kwa ajili ya status. Sisi tunapenda kiti cha mbele na mvinyo mkononi, ukimwambia mtu tutasimama masaa mawili na nusu anakuona umefulia. Nani kakwambia starehe lazima ukae? Harusini kwetu si tunasimama tunarudi nyumbani miguu haipo na tunasema ilifana? Acheni ushamba, acheni kukopa ili mtu wa grupu aone, huyo wa grupu hatakulipia ile 95 mara nne, mimi nililipa peke yangu, miezi mitatu, na hakuna aliyeniuliza.

Anyway. Wifi nimemjibu. Nimemwandikia ratiba nzima, Jumapili Carnival, Jumatatu mapumziko, Jumanne Globe ya kusimama, na juu kabisa nimeandika NJOO NA RABA. Kajibu na emoji ya kucheka, halafu kauliza kama hakuna sehemu ya VIP.

Bado sijamjibu.