Entebbe hadi Arua: kilomita ngapi, muda gani angani?

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini ramani inakupa kilomita 375 hivi kutoka Entebbe hadi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakati watu wa basi wanasema karibu 500, na kama mama mwenye goti bovu apande ndege.

Zote mbili ni sahihi. Ndege hukata moja kwa moja kuelekea kaskazini-magharibi. Basi linatoka Kampala, linapanda hadi Karuma, ndipo linakunja kushoto kwenda Pakwach, livuke Nile, lipite Nebbi. Kona hiyo ndiyo inayokula kilomita. Na kutoka Entebbe bado kuna 40 za kufika Kampala, pamoja na foleni.

Ndege ndogo kama Cessna Caravan hukimbia takribani kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo weka saa moja na robo angani. Ikipitia mji mwingine kwanza, muda unaongezeka. Uliza kabla ya kulipa.

Mimi ningempandisha ndege bila kusita, mradi daktari ameruhusu. Kukaa na goti limekunjwa kutwa nzima ni mateso. Ila ngazi ya ndege hizo ni nyembamba, na ndani huwezi kusimama wima, kwa hiyo piga simu mapema uombe mtu wa kumshika mkono. Mizigo mara nyingi ni kilo 15 tu, mkoba ukiwemo. Chagua safari ya asubuhi. Mchana mawingu ya mvua hujikusanya na ndege hurushwarushwa.