Muulize Mwalimu: Hela ya mtihani na mtoto aliyebakizwa mstarini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina watoto wawili shule ya serikali huku Kivule, mmoja la nne, mwingine la saba. Kila Ijumaa kuna hela ya mtihani, 500 kwa kila mtoto, na tuisheni ya jioni ni 500 kwa siku. Wiki iliyopita sikuwa nayo. Wa la nne akabakizwa mstarini na wenzake ambao hawakulipa, wakachapwa viboko viwili viwili, wakakaa nje mpaka mtihani ukaisha. Si tuliambiwa elimu ni bure? Naogopa kwenda kulalamika, watamwandama mtoto. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Kivule

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na fimbo, maana hapo hakuna mjadala. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye kibali cha maandishi, kumchapa mwanafunzi kwa kosa kubwa la nidhamu tu. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari la adhabu: nani kachapwa, kwa kosa gani, vingapi, na aliyemchapa ni nani. Sasa huyo mwalimu aliyemchapa mwanao ameandika kosa gani? Kwamba mama yake hakuwa na 500? Mtoto wa la nne hana mshahara wala genge. Kama kuna deni, ni la wakubwa. Kulidai mgongoni mwa mtoto ni uonevu, na mimi niliyeshika chaki miaka mingi Temeke nalisema bila kumung'unya maneno.

Kumweka nje wakati wenzake wanafanya mtihani ni uonevu wa pili, na ndio utakaomkaa moyoni zaidi. Maumivu ya fimbo huisha. Kusimama uani huku darasa zima linajua kwenu hamna hela, hilo mtoto halisahau.

Kuhusu bure. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kwenye shule za umma, kuanzia awali hadi kidato cha nne, na ukaanza kazi Januari 2016. Waraka Namba 3 wa 2016 ukafafanua nani anabeba nini: mzazi akabaki na sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto. Michango ikarudi kwa mlango wa nyuma, mpaka Januari 2018 Rais John Magufuli akaipiga marufuku hadharani. Ufafanuzi uliofuata ulisema mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari yake apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asishike hela, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya mchango. Kwa hiyo hukusikia vibaya, mama.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekupa nusu ya jibu. Utaratibu ulioanza na elimu bila malipo uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, 4,000 zikibaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikishuka shuleni. Gawanya hiyo 6,000 kwa siku 194 za masomo: ni kama shilingi 31 kwa siku. Humo itoke chaki, fotokopi, karatasi za mitihani, michezo na kitasa kilichovunjika. Huku juu mwalimu mkuu anaulizwa matokeo, anapangwa na shule nyingine za kata, anaambiwa watoto wapimwe kila wiki. Rimu atazitoa wapi? Ninamwelewa. Wazazi wakikaa kikao, wakakubaliana kununua rimu, wakaandika muhtasari na kuomba kibali, mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni pale makubaliano ya hiari yanapogeuka kodi, na mkusanyaji wake anakuwa mwalimu mwenye fimbo mkononi.

Tuisheni ni habari nyingine, na hapo sina huruma. Mwalimu akifundisha nusu ya somo asubuhi ili nusu iliyobaki aiuze jioni, kwa watoto wale wale na darasa lile lile, anawaibia. Walimu wenzangu wanajua kwamba jambo hili lipo.

Sasa cha kufanya. Usiende peke yako. Tafuta wazazi wawili watatu ambao watoto wao walibakizwa siku ile, mwende kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mwalimu mkuu, kwa upole. Ombeni kuona vitu viwili: daftari la adhabu, na muhtasari wa kikao kilichopitisha hiyo 500. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mzazi kama wewe, mwiteni naye akae. Msiposikilizwa, nendeni kwa afisa elimu kata, na baada yake ofisi ya elimu msingi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, maana Kivule iko Jiji. Huko pelekeni barua yenye tarehe, na nakala mbaki nayo. Na siku yoyote mtoto akirudi na alama mwilini, usisubiri kikao: pita polisi uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Hofu yako ya mtoto kuandamwa naielewa. Ila kwa niliyoyaona, anayeonewa zaidi ni mtoto ambaye kwao hakuna anayefika shuleni. Mzazi akijulikana kwa sura, mkono wa mwalimu huwa mzito kuinuka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza shahada ya ualimu 2019, sijaajiriwa mpaka leo. Najitolea shule ya msingi Mbagala, darasa langu lina watoto zaidi ya 120 na wanaingia kwa zamu. Posho yangu inatoka kwenye hela ya tuisheni. Mwalimu mkuu ameniambia nikusanye mwenyewe na wasiolipa niwatoe. Nikiwatoa roho inaniuma, nisipowatoa sina nauli wala chakula. Nifanyeje?
Mwalimu wa kujitolea, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeiweka hapa makusudi, maana wewe na mama wa Kivule mnavutana juu ya 500 ile ile, na wote wawili mna haki.

Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Wewe una 120, na serikali haikulipi hata senti. Enzi zetu ukimaliza chuo unapangiwa kituo, unabeba godoro unakwenda. Leo mnaitwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, wengi mno kwa nafasi chache. Mwaka 2025 walimu wasio na ajira walijikusanya chini ya umoja wao, NETO, wakadai hata waliomaliza 2015 bado wako nyumbani. Watoto hawana walimu, walimu hawana kazi, na wote tunawaona. Inaniumiza sana.

Lakini usiwatoe. Mwambie mwalimu mkuu kwa heshima: mimi nitafundisha wote, hela ikusanywe na kamati. Omba suala lako lipelekwe kwenye kikao cha wazazi kwa jina lake halisi, yaani posho ya mwalimu wa kujitolea, kiasi fulani kwa mwezi, kibali kikiombwa halmashauri. Ipite kwenye akaunti ya shule kwa stakabadhi, na orodha ya waliolipa ibaki kwa kamati, isisomwe mbele ya watoto kamwe. Nimeona wazazi wa Mbagala wakichangia misiba ya watu wasiowajua vizuri. Wakiambiwa ukweli kwamba huyu anayewafundishia watoto halipwi, wengi watatoa, na aliye nacho atamfidia asiye nacho.

Na wewe dai barua ya kujitolea yenye mhuri, tunza maandalio yako ya masomo, usome mtaala mpya vizuri kabla hujaitwa usaili.

SWALI: Mwalimu, binti yangu alikuwa la tatu mwaka 2024. Wengine wanasema ataishia la sita, wengine la saba. Ukweli ni upi?
Baba, Kigamboni

JIBU: La sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na chini yake msingi ni miaka sita. Atamaliza 2027, mwaka mmoja na wale wa la saba waliomtangulia. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Muulize diwani wako sekondari za kata yenu zinaongezewa vyumba vingapi na walimu wangapi, na umuulize mwaka huu.