Lindi hadi Mikindani kwa tanga: tuondoke lini?

Swali: Julai tulitoka Lindi na mashua ya futi 24 kwenda Mikindani, tukabisha (kupindua huku na huku dhidi ya upepo) hadi jioni bila kufika hata Sudi, iliyoko njiani. Likizo ya Desemba tunataka kwenda tena kukutana na ndugu zetu, watu wazima 5 na watoto 2. Tuondoke siku gani, saa ngapi?

Jibu: Chombo chenu hakina kosa. Mikindani iko kusini-mashariki ya Lindi, ndiko unakotokea upepo wa kusi. Mkondo wa pwani yetu nao hupanda kaskazini mwaka mzima, na kusi huuzidishia nguvu. Mashua haiwezi kulielekea joshi (upande upepo unakotoka) sana, na kila mkipindua foromali, boriti inayobeba tanga, mnarudi nyuma kidogo.

Mapema Desemba bado ni tanga mbili, kipindi cha upepo usiotulia kati ya kusi na kaskazi, msiutegemee. Mwishoni mwa mwezi kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, huwa imeanza kushika, nanyi mtaipata ubavu wa kushoto, upepo mzuri kwa tanga hili.

Chagueni mwezi mpevu au siku mbili baada yake. Siku hizo ni bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana; hapa hujaa kama saa 10 alfajiri, hupwa saa 4 asubuhi, hujaa tena saa 10 jioni. Ng'oeni nanga saa 10 na nusu alfajiri: maji yanayopwa yatawatoa ghubani, umande, yaani upepo wa alfajiri kutoka bara, utawasukuma, na mwezi bado unamulika. Mkichelewa, kaskazi itakutana na maji yanayotoka, mawimbi yasimame wima kwenye mlango wa ghuba. Safari ni kilometa 60 hivi. Kwa kilometa 7 au 8 kwa saa mtafika mchana, jua liko juu, miamba inaonekana, na maji yanajaa, hivyo hata mkigusa chini yatawainua. Siku za maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, mambo hugeuka: mtatoka maji yakiingia na kufika yakipwa.

Hatari kubwa ya kaskazi ni kwamba huwasukuma pwani. Kaeni kilometa 5 nje ya mwamba, kwani kitu kikikatika mnahitaji muda. Kinachokatika mara nyingi ni demani, kamba ya kushikia tanga, au kamba zinazofunga vipande viwili vya foromali. Pitisheni mkono urefu wote. Nyuzi zikiwa zimesimama kama manyoya, badilisheni kabla ya safari. Chukueni demani ya akiba, tanga dogo la kubadilisha upepo ukizidi, na nanga yenye kamba ya mita 50. Nje ya mwamba kina hushuka ghafla, kwa hiyo nanga iwe tayari omoni (mbele ya chombo) kabla hamjasogea karibu. Kaskazi ikiwazidi njiani, ingieni Sudi mlale.

Kama mashua imekaa nchi kavu, itieni majini siku mbili kabla ili mbao zivimbe, kisha mtazame kalafati, vizibo vya kati ya mbao, inavuja wapi. Mkishapakia watu na farumi (uzito wa kutuliza chombo), ukingo ubaki juu ya maji shubiri mbili au zaidi. Maji ya kunywa lita 45, katika madumu kadhaa. Jaketi la kuokolea la mtoto mlivute juu mabegani: likipita masikio, ni kubwa mno. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilometa 40 kwa saa au mawimbi ya mita 2, ahirisheni.

Kurudi ni wepesi zaidi, maana mkondo utakuwa nanyi. Ila Lindi ingieni maji yakijaa. Yakipwa, mto Lukuledi hutoka kwa nguvu.