Bustani ya nyumbani katikati ya kaskazi: usiipime kwa nyanya

Katikati ya Januari wanaoanza bustani hapa Dar es Salaam huniuliza mambo yaleyale. Nyanya imejaa maua lakini yote yanadondoka. Mchicha umetoa mbegu haujafika hata goti. Saladi imekuwa chungu. Na wengi wao, wakati wananiuliza, tayari wameshanunua mbolea. Nawaandikia ninyi mlio katika msimu wa kwanza wa joto, huu wa kaskazi: mwezi wa kwanza na wa pili bustani ya pwani ina vipimo vyake, na nyanya si kimojawapo.

Tuanze na hiyo nyanya, maana ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua yake haipatani na usiku wa joto. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 21 hadi 24, kutegemea aina ya nyanya, chavua hudhoofu, tunda halishiki, kikonyo cha ua kinageuka njano na kukatika. Sasa hivi usiku wa Dar ni nyuzi 24 au 25. Kwa hiyo mmea wako hauna njaa wala haujalogwa. Ukiumwagia urea utapata majani tu, tena majani laini ambayo vidukari na nzi weupe wanayapenda sana. Nyanya nyingi tunazokula mjini hutoka kwenye miinuko kama ya Iringa na Lushoto, ambako usiku watu hujifunika blanketi.

Miche iliyopo usiing'oe. Ifungie kwenye miti, toa machipukizi ya kwapani, iwekee kivuli chepesi cha makuti upande wa jua la mchana. Matunda yaliyokwisha kushika yachume yanapoanza tu kubadilika rangi, uyaivishie ndani penye kivuli. Joto likizidi nyuzi 30 hivi, rangi nyekundu haijengeki vizuri, ndiyo maana yanayobaki juani huishia kuwa ya njano-njano. Na ukiona nyanya imeoza kitako, doa jeusi lililobonyea upande wa chini, usikimbilie dukani kutafuta dawa. Mara nyingi ni maji yanayotolewa kwa kuruka-ruka: leo mengi, kesho hakuna. Mmea unashindwa kufikisha chokaa kwenye tunda, na tunda linaoza pale.

Hapa kwenye maji ndipo ninapotaka mkae zaidi, kwa sababu ndipo bustani ya kaskazi inapopona au kufa. Kwa jua hili na upepo huu, mita moja ya mraba ya mboga hupoteza lita 5 hadi 6 kwa siku. Piga hesabu ya kitanda chako: chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 kinataka kama lita 20 hadi 24, yaani ndoo kubwa moja na zaidi kidogo. Watu wengi hupitisha kopo mbili tatu jioni, udongo ukalowa juu, wakaridhika. Chimba kwa kidole baada ya kumwagilia. Kama chini ya kiungo cha pili pamekauka, hujamwagilia bado. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji mengi kwa mara moja, hivyo gawa: nusu asubuhi na mapema, nusu jua likianza kulala.

Kisha funika udongo. Majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, makumbi ya nazi, pumba za mpunga, chochote ulicho nacho, unene wa vidole vitatu au vinne, bila kugusa shina. Kama ningeruhusiwa kuwaachia jambo moja tu la msimu huu, lingekuwa hilo la matandazo. Na wale wanaotumia maji ya kisima: yaonje. Maji ya chumvi huunguza kingo za majani kuanzia yale ya zamani, na maharage ndiyo huathirika mapema. Kama una maji mengine, yatumie kwa miche michanga kwanza.

Majani kunyauka saa nane mchana pekee yake si ugonjwa. Angalia tena alfajiri. Yakiwa yamesimama, mmea ulikuwa unajihifadhi tu. Yakiwa bado yamelala na udongo una unyevu, kuna tatizo shinani au mizizini, na hapo ni vizuri kutoa mmea mmoja uuchunguze. Mizizi yenye vinundu visivyobanduka ni minyoo fundo. Usirudishe nyanya, bamia wala biringanya mahali hapo karibuni. (Kunde nazo huwa na vinundu, lakini vyake hubanduka kwa ukucha na ndani vina rangi ya waridi. Hivyo ni vya kheri, vinatengeneza naitrojeni.) Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama moshi unashuka, huo ni mnyauko bakteria. Mmea huo uchome moto, usiutupe kwenye mboji.

Mnaosema bustani imekwama, mmepanda nini kingine? Kaskazi ni msimu wa bamia, matembele, kunde, nyanya chungu, biringanya. Bamia ukishaanza kuzaa chuma kila baada ya siku mbili. Ukiacha wiki inakuwa nyuzi tupu, na mmea unapunguza kuzaa. Matembele yanaotesha mizizi hata kwa marando uliyopewa na jirani, mradi siku za kwanza yapate kivuli. Mchicha nao hupenda joto. Unaotoa mbegu mapema mara nyingi umekauka au umebanana. Punguza, mwagilia, au ng'oa kisha panda upya: wiki tatu hadi nne unakula. Saladi na chainizi ziacheni hadi Juni, hakuna ustadi utakaozifanya tamu sasa.

Wadudu wa joto kavu ni utitiri. Majani yanaonekana kama yamenyunyiziwa vumbi la njano. Weka karatasi nyeupe chini, gonga jani. Vijidoa vikitembea, ndio wenyewe. Rushia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, siku kadhaa mfululizo, na ng'oa majani yaliyoharibika sana. Kwenye nyanya tazama pia kantangaze, kiwavi wa nondo wa nyanya: mabaka ya njia zilizochimbwa ndani ya jani na vitundu kwenye tunda. Yote yenye dalili yafungeni kwenye mfuko mweusi, uachwe juani. Dawa ya mwarobaini au sabuni inyunyizieni jioni, kwa sababu jua huiharibu ya kwanza, na ya pili huunguza majani mchana.

Wiki ya mwisho ya Februari ianze kazi nyingine. Vitanda mlivyovizamisha ili vishike maji vitageuka madimbwi Machi, masika ikifika. Vijazeni mboji na udongo hadi viinuke juu ya njia kwa kama kiganja, mchimbe na mfereji wa kutolea maji. Mbegu za nyanya zihifadhini mahali pakavu hadi Mei, muoteshe kitalu wakati huo, ili maua yake yafunguke Julai, usiku ukiwa umeshuka hadi nyuzi 19 hivi.