Je, kiunganishi kimoja chatosha?

SWALI: Nasoma mantiki hapa Wete, Pemba. Mwalimu ametwambia kuwa "si", "na", "au" na "ikiwa" vyaweza kujengwa vyote kwa kiunganishi kimoja. Yawezekanaje? Na mbona "na" pamoja na "au" havitoshi?

JIBU: Mwanafunzi mpendwa, mwalimu wako amesema kweli, na Henry Sheffer, mwanamantiki wa Marekani, alilionesha jambo hilo mwaka 1913. Kiunganishi chenyewe ni "si vyote viwili", ambacho huwa uongo pale tu sentensi zake zote mbili zinapokuwa kweli. Chukua "karafuu zimekauka", uiunganishe na yenyewe: kusema si kweli kwamba karafuu zimekauka na karafuu zimekauka ni kusema tu kwamba hazijakauka. Umeshapata "si". Ukikanusha "si vyote viwili" unapata "na". Ukikanusha kwanza kila sentensi, kisha ukaziunganisha kwa "si vyote viwili", unapata "au". Na ukikanusha ile ya pili peke yake, kisha ukaziunganisha vivyo hivyo, unapata "ikiwa".

Ama "na" pamoja na "au", hapa ndipo penye utamu wa swali lako: sentensi zote zikiwa kweli, chochote utakachokijenga kwa viwili hivyo, ukirefushe upendavyo, kitabaki kweli, ilhali "si" hudai kweli igeuke uongo.