Upatanisho Bila Haki?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini Waraka wa Kairos wa Afrika Kusini uliyalaumu makanisa yaliyohubiri upatanisho? Je, kupatanisha si kazi ya Kanisa?

JIBU: Ni kazi yake, msomaji wetu. Waraka huo, tamko la wanateolojia Wakristo lililotolewa mwaka 1985 wakati wa ubaguzi wa rangi, haukukataa upatanisho, bali ulikataa kuwahimiza mwonevu na mwonewa wapeane mikono kabla ya toba na haki, kana kwamba wote wamekosa sawa. Serikali nayo iliishikilia Warumi 13, sura inayoagiza kuwatii wenye mamlaka, kuhalalisha utawala wake, huku (jambo la ajabu) kilio cha Waebrania waliokuwa watumwa Misri, katika kitabu cha Kutoka, kikisahauliwa. Aliyebomolewa nyumba kwa sababu ya rangi yake hakuhitaji kwanza mahubiri ya msamaha. Alihitaji mchungaji atakayesimama naye mbele ya tingatinga.